Kigari Kidogo, Hesabu Ndefu

Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba safari hii tungeendelea na habari za kumwanzishia mtoto uji. Naomba mniwie radhi. Baada ya kikao cha akina mama cha Alhamisi, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli kwamba sisi tuliwahi kukaribia kununua gari jipya kabisa la dukani, na kama ni kweli, imekuwaje tunatembelea lile tunalotembelea. Yeye na mumewe wamedunduliza kwa miaka kadhaa na wanataka kwenda shorumu. Nilimweleza kwa ufupi pale mlangoni, nikaona macho yanamtoka. Njiani kurudi nyumbani nikatambua kuwa kisa kile sijakisimulia chote kwa mtu yeyote, hata kwa mama yangu mzazi. Basi uji utasubiri.

Kwanza mjue tulikotoka. Gari letu la kwanza tulilinunua mwaka 2015 kwa mtu aliyekuwa ameliagiza kutoka Japani. Liling'aa kama sahani ya harusi, na mita yake ilionyesha kilomita 62,000. Mwaka haukwisha, fundi akalala chini yake, akatoka akitikisa kichwa. Upande wa mbele uliwahi kugongwa na kunyooshwa, na kwa jinsi vipuri vilivyolika, zile kilomita zilikuwa hadithi ya kubembelezea watoto. Kumbe kule Japani magari mengi ya mitumba hupita mnadani, na kila gari hukaguliwa likaandikiwa karatasi yenye alama: 4 au 5 ni gari zuri, na herufi R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Karatasi ya gari letu hatukuiona wala hatukujua kwamba ipo. Tulilitibu kwa miaka sita kama mgonjwa wa kudumu, mwishowe tukaliuza kwa bei ya aibu.

Nikarudi kwenye daladala, na alfajiri nikitoka zamu ya usiku, bodaboda. Katika mvua za Aprili 2022 pikipiki iliteleza nami kwenye mzunguko, nikavunjika kifundo cha mkono. Wiki sita nikakaa na plasta. Wagonjwa wangu walinicheka, na walikuwa na haki. Ndipo Baba Neema akasema, "Mama Neema, tutafute gari. Na safari hii liwe jipya, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuligonga."

Tulikuwa na kiwanja Kibaha, tukakiuza milioni 22. Akiba yetu ilikuwa milioni 9. SACCOS ya kazini ikanikopesha milioni 15. Jumla milioni 46. Nawaandikia hesabu hizi bila kuficha kwa sababu bila hizo hamtaelewa kosa langu.

Februari 2023 tukaenda shorumu tukiwa tumevaa nguo za Jumapili. Ukutani palikuwa na picha ya kigari chekundu, na chini yake dola 14,750. Baba Neema akanifinya mkono kwa furaha. Dola wakati ule, kwa kiwango cha duka lile, ilikuwa shilingi 2,350, kwa hiyo ni kama milioni 34 na nusu. Tulikuwa matajiri kwa muda wa dakika kumi hivi. Kisha kijana wa mauzo akatuonyesha kinyota kidogo pembeni ya bei, cha ukubwa wa yai la chawa, maana yake VAT ya asilimia 18 haimo. Ikawa dola 17,405, yaani shilingi milioni 40.9.

Niseme neno juu ya kijana yule, maana hakuwa mtu mbaya. Aliniamkia vizuri, akaniletea soda. Lakini kila jambo la injini, bei na mkopo alilielekeza kwa Baba Neema, ambaye ni mwalimu wa historia na hajui kubadilisha hata gurudumu. Mimi niliulizwa kuhusu rangi. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya mume wangu, ingawa mkopo ulikuwa wa jina langu. Likumbukeni hilo la simu.

Kisha akaleta profoma. Humo mlikuwa na mazulia ya miguuni, tinti ya vioo, alamu, vizuia matope na kitu walichokiita kifurushi cha makaribisho, vyote kwa shilingi 1,150,000. Nikamwambia mazulia nitanunua Kariakoo. Akajibu, "Mama, vimeshafungwa." Vimefungwaje kwenye gari ambalo bado liko melini? Akatabasamu. Ukiongeza bima kubwa, ambayo tulihesabiwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari na VAT juu yake, tulifika karibu milioni 43.8. Zilibaki milioni mbili na ushee za usajili na mafuta. Ilitosha kwa kubana, tukakubaliana mimi na Baba Neema palepale, tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Lakini kabla hatujaondoka nikauliza swali moja. Gari hili lina mifuko mingapi ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga? Akasema mbele miwili, ya dereva na ya abiria wa kushoto. Na pembeni? Akasema ya pembeni na ya juu ya madirisha, ile inayoshuka kama pazia kukinga vichwa, ipo kwenye daraja la juu. Daraja la juu lina mifuko sita. Lina pia rimu za aloi, taa za ukungu, kioo kikubwa cha kupapasa kwenye dashibodi, kamera ya nyuma na kitufe cha kuwashia gari. Bei yake pamoja na VAT dola 20,355.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sitaki aloi wala kioo cha kupapasa. Nipe daraja la chini, uniongezee ile mifuko tu."

"Haiwezekani mama. Vinakuja pamoja kutoka kiwandani."

Nimeulizia baadaye, na ni kweli kwamba mifuko ile haifungwi mtaani. Inahitaji nyaya na vihisio ndani ya bodi, na mahali pake hupangwa gari likitengenezwa. Ila hakuna sababu ya kiufundi ya kuufunga uhai wa mtoto pamoja na rimu za aloi. Hiyo ni hesabu ya mauzo. Wanajua kwamba mama atakayeuliza habari za mifuko hatalala usingizi mpaka aipate, basi atazibeba na rimu. Tofauti ilikuwa dola 2,950, karibu milioni saba za wakati ule.

Na mimi kweli sikulala. Nimefanya kazi ya wodi zaidi ya miaka ishirini. Sitawasimulia niliyoyaona kwa watoto waliokuwa wamepakatwa kiti cha mbele, kwa kuwa mnasoma gazeti hili mkiwa na watoto wenu karibu. Niseme tu kwamba gari likisimama ghafla kwa mwendo wa kilomita 50, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto wa kilo kumi, hata mama huyo awe na nguvu za mkulima. Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu. Nikakuta kwamba shirika la Global NCAP, linalogongesha magari kwa makusudi ili kuyapima, lilianzisha mwaka 2017 mpango wa magari salama kwa Afrika. Katika magari matano ya kwanza yaliyokuwa yakiuzwa Afrika Kusini, Toyota Etios ilipata nyota nne, Datsun Go+ moja, na Chery QQ3 haikupata hata moja. Yote mapya, yote ya dukani. Upya ule tuliokuwa tukiuabudu haukuwa na maana niliyoipa.

Jambo lililonigusa zaidi ni la Novemba 2020. Waligonganisha pikapu mbili za Nissan uso kwa uso: moja mpya iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, nyingine ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Sanamu ya dereva katika ile mpya ilionyesha majeraha ambayo mtu hangepona. Yule wa mtumba angeshuka akatembea. Lakini mimi nilivyolisoma usiku ule nikajiambia tu: basi lazima daraja la juu. Mtu akishataka kitu, husoma anachotaka kusoma.

Wiki iliyofuata Baba Neema alikwenda Singida msibani. Nikaenda peke yangu kulipa malipo ya awali, na mbele ya kijana yule nikasaini daraja la juu. Sikumpigia mume wangu. Nilipiga hesabu pembeni ya bahasha: pengo ni kama milioni tano. Milioni tatu nikope vicoba. Milioni mbili nichukue kwenye ada ya Neema, aliyekuwa aanze chuo Oktoba, nitarudisha kabla ya wakati. Niliporudi nyumbani nikasema, "Nimelipa." Haikuwa uongo. Ila nyote mnaoijua ndoa mnajua lilikuwa neno la namna gani.

Gari lilikuwa lije Mei. Mei ikapita, meli imechelewa. Juni ikapita. Na mwaka ule, kama mnavyokumbuka, dola iliadimika nchini na shilingi ikawa inateremka. Ilianza mwaka ikiwa 2,300 na kitu kwa dola, ikamaliza kwenye 2,500. Katika mkataba niliosaini palikuwa na mstari unaosema bei ya shilingi itahesabiwa kwa kiwango cha siku ya malipo ya mwisho. Niliuona mstari huo, nikaupita kama tunavyoyapita maandishi ya kwenye kijikaratasi cha dawa. Mimi, ambaye kila siku nawagombeza wagonjwa wasome kijikaratasi cha dawa!

Julai, siku ya Jumanne, Baba Neema alikuwa anasahihisha mitihani sebuleni. Simu yake ikaita. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Nikamsikia anasema, "Daraja la juu? Hapana, ndugu yangu, utakuwa umekosea faili." Kisha akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Milioni hamsini na laki nne." Nikazima jiko.

Kwa kiwango cha duka siku hiyo, 2,480, gari lilikuwa limefika shilingi 50,480,400, kabla ya mazulia na bima. Pengo langu la milioni tano lilikuwa limezidi saba na nusu. Na pesa za vicoba zilikuwa zimeshaanza kudaiwa.

Baba Neema hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Alikunja karatasi za mitihani, akauliza swali moja tu: "Ada ya mtoto ipo?" Nikamwambia milioni mbili haipo. Akainuka akaenda kukaa nje kwenye ngazi hadi usiku. Nilimfuata na chai, akaipokea, hakuinywa. Nilijaribu kumweleza habari za mifuko ya hewa, na wale watoto wa wodini. Akaniambia, "Ungeniambia hivyo mwezi wa pili, ningekuunga mkono. Hata kama tungekosa gari." Ninyi mnaosoma mtanisamehe, lakini sentensi ile bado inaniuma kuliko plasta.

Asubuhi tulikwenda pamoja shorumu. Tukaomba kurudi daraja la chini. Likawa halipo mpaka Oktoba, na bei yake sasa milioni 43.2 kabla ya nyongeza. Tukavunja oda. Walikata laki tano, iliyobaki ikarudi baada ya wiki sita na simu nyingi, safari hii nikipiga mimi. Nikalipa vicoba, ada ya Neema ikakamilika Septemba.

Na gari? Tuliagiza mtumba wa Japani wenyewe, lakini kwa akili nyingine. Niliomba karatasi ya mnada kabla ya kutuma hata shilingi, na mwanafunzi mmoja anayesoma Kijapani akatusomea. Niliomba picha za nguzo za pembeni mwa viti, mahali paandikwapo SRS AIRBAG. Magari yenye mapazia yale yana maandishi hayo kwenye nguzo na juu ya milango, si kwenye usukani peke yake. Tukapata la mwaka 2016, injini ya cc 1,200, lenye mifuko sita. Mpaka linaegeshwa nyumbani lilikuwa limekula milioni 22 na ushee. Redio yake inakamata stesheni za chini ya 90 tu, kama redio nyingi za Kijapani zilivyo, na kila nikiwasha gari, sauti ya binti fulani hunisalimu kwa Kijapani. Baba Neema humjibu, "Marahaba."

Sasa kwa yule mama wa Alhamisi, na wengine mlio na safari hiyo, haya ndiyo niliyoyalipia.

Kodi ya gari huwekwa tabaka juu ya tabaka. Tulipoagiza, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli na bima ya meli. Juu ya jumla hiyo unawekwa ushuru wa bidhaa: injini isiyozidi cc 1,000 hailipi, kati ya hapo na 2,000 ni asilimia 5, kuzidi hapo asilimia 10. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18. Chukua gari la dola 5,000: forodha 1,250, bidhaa 312.50, VAT 1,181.25. Jumla dola 2,743.75, bado tozo nyingine ndogo ndogo, bandari na usajili. Ndiyo maana Passo na Vitz za cc 996 zimejaa mitaani. Na gari likitimiza miaka minane huongezewa asilimia 15, likipita kumi asilimia 30, na hizo nazo zinaingia ndani ya VAT. La miaka saba linaweza kukugharimu kidogo kuliko la miaka kumi na moja lililoonekana rahisi mnadani. TRA hutumia thamani yake yenyewe iliyo kwenye mtandao wake, si risiti yako, kwa hiyo iangalie kwanza. Viwango hubadilika bajeti ikisomwa kila Juni. Ulizia vya mwaka wako.

Ukinunua jipya, uliza bei yenye VAT ndani, kisha uliza imefungwa kwa siku gani. Tangu Machi 28, 2025 kanuni zimekataza kutangaza na kutoza bei za hapa nchini kwa fedha za kigeni, na hilo limetusaidia. Lakini bei ya shilingi nayo inaweza kupanda kabla meli haijafika kama mkataba unaruhusu. Omba iandikwe.

Kwa mitumba, kuna jambo la kitabibu kabisa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa katika mamilioni ya magari ya Kijapani na mengineyo, ilikuja kugundulika kwamba kifyatulio chake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kikaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Watengenezaji wana kurasa kwenye mtandao ambako unaandika namba ya chesisi ukaambiwa kama gari lako limo. Tena, ukiwasha swichi, taa ya SRS kwenye dashibodi iwake sekunde chache kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili kuficha kitu. Na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa, kikae nyuma.

Mazulia ya miguuni, Kariakoo, nilinunua elfu thelathini na tano.

Wiki iliyopita tulipita Kibaha kwenda kwenye harusi. Kwenye kile kiwanja chetu pana nyumba ya bati la bluu na mpapai uliozaa. Baba Neema alipunguza mwendo, tukaangalia, akaendelea. Nimemwonyesha makala hii kabla ya kuituma. Amesahihisha hesabu sehemu mbili, akaniambia sehemu ya ngazi niiache ilivyo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye uji.